Breki ya Redio ya Selemani

Benchi letu lipo nje ya duka la Selemani, Sumbawanga mjini, na upepo wa hapa mnaujua wenyewe. Kahawa anatuuzia yeye, ila redio yake ya betri ipo ndani, juu ya rafu nyuma ya kaunta, na mkewe Adija hataki miguu yetu ya matope ipite huko. Ndiyo maana tulifunga kamba kwenye swichi ya sauti tukaitoa dirishani, ili tuongeze na kupunguza tukiwa tumekaa. Basi upepo nao ukawa unavuta kamba. Taarifa ya bei ya mahindi ikifika, kimya.

Jumamosi ile tulikuwa na haraka. Ignasi, tunayemwita Mteremko kwa kuwa kila wiki anashuka Milepa na baiskeli kufuata samaki wakavu, ana mwanawe Flavian aliyekwenda kwenye migodi ya shaba ya Kopabeti, ng'ambo ya mpaka. Miaka miwili, barua zote zimerudi. Mtu aliyetoka huko akasema kijana amehama mgodi, na atajitaja redioni Jumamosi hiyo, kwenye kipindi cha salamu.

Lukmani Spoku, fundi baiskeli, akaleta waya wa breki pamoja na mkono wa kuminyia, mkono akaufunga kwenye benchi, ncha ya waya kwenye swichi ya redio.

— Ukiminya, sauti ipande, akasema Spoku.

— Breki ya kupandisha umeiona wapi? akauliza Mteremko. Breki ni ya kupunguza.

Tukakubaliana na Mteremko: ukiminya, sauti ishuke. Mwenye mtoto ni yeye, na mkono akapewa yeye.

Uledi Bama, aliyepigana vita vikuu vya pili kule Bama na kwa mazungumzo hajarudi mpaka leo, akasema hilo ni jambo dogo, kule ofisa wao alikuwa na waya wa kuzima mvua.

— Mbona ulituambia mlilowa miezi mitatu? tukamuuliza.

— Ulikatika.

Spoku akasema yeye akipata waya wa kutosha, mtu atakaa Matai, mbali kule, apunguze sauti ya hapa. Bama akaona Matai ni kupoteza waya, afungwe waya huo Bwana DC, siku ya baraza tumpunguze sauti kutoka benchini. Selemani akatuomba tuseme polepole, yeye ana leseni ya duka. Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia, na sioni aibu kusema nawapenda watu hawa.

Salamu zikaanza. Mteremko akakaa wima, mkono kwenye breki.

— Flavian mwana wa Ignasi, wa Sumbawanga, ikasema redio, anawasalimu baba na mama. Yeye ni mzima, na sasa yupo...

Mteremko alishtuka. Na mtu aliyezoea ule mteremko wa Milepa akishtuka, hufanya jambo moja tu. Aliminya breki kwa nguvu zake zote.

Tulipomfumbua vidole, redio ilikuwa inamsalimu shangazi wa mtu mwingine.

Hakuna aliyemlaumu. Bama akamshika bega. Ndipo Kalista, mke wa Mteremko, akafika mbio kutoka sokoni, ungo wa ulezi bado kichwani.

— Shikamooni. Mmemsikia?

— Tumemsikia, mama. Ni mzima.

Akautua ungo, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka. Mteremko alikuwa anaangalia chini.

— Amesema yupo wapi, nimwandikie?

Selemani akageuza birika ammiminie kahawa kwanza. Halikuwa na kitu.