Fimbo ya Treni ya Mwisho Hallowby

— Baba yako ndiye aliyepoteza fimbo, Mavis. Halina mjadala tena hilo, limeshapigwa chapa.

Ndivyo Cyril Pask alivyomwambia Mavis Tuckett Jumanne asubuhi, bila haya, bango jipya kalipakata mapajani kama mtoto mchanga. Walikuwa kwenye benchi la stesheni ya zamani ya Hallowby. Treni haijapita pale miaka sitini. Reli ziling'olewa, siku hizi wanapita watu na mbwa wao. Jukwaa lilibaki, benchi likabaki, na wakaaji ni wale wale: Mavis na chupa yake ya chai, Reg Masizi aliyekuwa akiuza makaa ya mawe, na huyo Cyril, wanayemwita Filimbi kwa sababu ya filimbi ya marehemu baba yake anayoivaa shingoni. Bango lilikuwa la halmashauri ya kijiji, historia ya reli, na maneno kayaandika yeye. Mstari wa nne: siku ya mwisho, mkuu wa stesheni Albert Tuckett aliipoteza fimbo ya njia. Mavis aliusoma, akakiweka kikombe chini.

— Filimbi, tulitolewa nyumba ya stesheni kwa fimbo hiyo. Mama alitoka kakumbatia mapazia. Baba hakukanyaga tena jukwaa hili mpaka tunamzika. Leo unamtundika?

— Nimeandika alichosema baba yangu, dereva mwenyewe. Kafika na treni saa nane mchana, kamkabidhi baba yako fimbo mkononi. Tangu hapo haikuonekana.

— Kwa hiyo baba yangu muongo.

— Sikusema muongo. Nimesema mzembe.

Reg akameza biskuti haraka.

— Ngojeni. Mimi nasema wakubwa wa London walituma mtu aiibe, wapate sababu ya kufunga reli.

— Walikuwa wameshafunga, Reg.

— Basi wapate sababu ya kutofungua.

— We kunywa chai.

— Au yule mbwa wa mchungaji. Yule alikuwa anakula hata viatu.

— Fimbo ndefu kama mkono wako, ina kichwa cha shaba. Mbwa gani huyo?

— Ndio maana alikufa majira yale yale ya baridi.

Mavis hakucheka. Alikuwa anaiangalia bisibisi mfukoni mwa Cyril, na misumari minne ya skrubu kaifunga kwenye leso. Akimaliza chai tu, jina la Albert linapanda juu, na kila mpita njia atalisoma.

Hapo akasimama mwanamke mmoja mgeni, mbwa wake kajaa tope hadi tumboni.

— Samahani. Fimbo ya njia ndiyo nini?

Cyril akanyoosha mgongo. Hilo swali analipenda.

— Reli hapa ilikuwa moja tu, bibie. Treni mbili zikikutana, maafa. Kwa hiyo fimbo nayo ikawa moja. Dereva asiyekuwa nayo hatoki. Baba yangu aliendesha miaka ishirini na miwili, hakusogeza gurudumu bila fimbo mkononi.

— Hata siku ya mwisho?

— Siku ya mwisho ndiyo kabisa. Kijiji kizima kilikuwa hapa. Nilikuwa na miaka saba, napunga leso. Saa tisa kamili, huyo akaondoka.

— Na fimbo ilipotelea wapi?

— Hapa hapa stesheni. Kabla hajaondoka.

Yule mwanamke akavuta kamba ya mbwa.

— Sasa aliondokaje?

Cyril akaishika filimbi.

— Baba alisema...



Ile kanuni ya fimbo Mavis aliijua kabla hajajua kusoma. Treni ile aliiona ikiondoka kwa macho yake, kasimama kwenye ndoo apate kuona. Vitu viwili hivyo kakaa navyo kichwani miaka sitini, wala siku moja hakuviweka pamoja. Wala mama yake. Wala Albert mwenyewe, aliyekuwa akishinda jikoni kaupa mlango mgongo, anajiuliza kaiweka wapi.

— Cyril, akasema, na jina hilo hakuwa amemwita tangu shule. Iko wapi fimbo?

— Sijui, Mavis.

Akalishika bango.

— Banda la baba sijalifungua tangu tumzike.

Akalaza bango kifudifudi kwenye benchi, akamwekea Mavis bisibisi mkononi, akaondoka. Chai yake akaiacha inatoa moshi.

Basi na wewe, ukimsikia mtu popote anasema Tuckett alipoteza fimbo, usigombane naye. Mwambie tu treni iliondoka. Na yeye amwambie mwingine.