Alama Tatu za Rangi Nyekundu

Ndugu, majirani wa Bwiza, na ninyi mliotoka Gatumba na Gihosha kuja kutusindikiza, naitwa Régis, ni mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, kazi ambayo leo asubuhi nilijaribu kuikataa.

Marehemu Révérien Ntahomvukiye alizaliwa tarehe 3 Machi 1970 hapa Bwiza, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na muuza mboga, ambao wote wametangulia, na mimi nilimfuata miaka sita baadaye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1977 akamaliza mwaka 1983, kisha akajifunza uchomeleaji kwa miaka minne, na walimu wake walilalamika kwamba anachelewa kumaliza kwa sababu kila kiungo anakirudia mara mbili, lango lolote alilochomelea enzi hizo bado linafunga vizuri.

Mwezi Januari 1989 aliajiriwa katika karakana ya vyuma huko Zone Industrielle, eneo la viwanda, akawa mtu wa mapaa ya maghala, hata alipokwenda kumposa Jovithe, baba mkwe akasema mbele ya wazee, "Mutoto yangu ataolewa na mutu wa kuishi juu ya mabati?", watu wakacheka, na Révérien akacheka kuliko wote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Julai 1997, wakajaliwa watoto watatu, Chanelle mwaka 1998, Loïc mwaka 2001 na Mélissa mwaka 2008.

Mwaka 2006 ndipo alipokutana na bwana Ilias wa Gatumba, muuza vipuri, mmoja wa wale wenye kibali cha kuzungumza hewani na watu wa nchi za mbali kwa mitambo yao wenyewe, kwa mapenzi tu, akamwomba amjengee mnara wa antena wa mita kumi na nane, na kuanzia hapo hadi kifo chake alisimamisha minara kumi na mmoja, mimi nikiwa msaidizi wake kwa yote.

Wanaoijua kazi hiyo wanajua alivyokuwa msumbufu. Alitaka zege la msingi liinuke juu ya ardhi ili maji yasilale kwenye miguu ya mnara, kila mguu uwe na waya wake wa kupeleka radi ardhini, skrubu za kukazia zipakwe grisi na kufungwa kwa waya mdogo zisije zikajilegeza, mkanda wa mpandaji uwe na ndoano mbili ili moja iwe imeshika wakati wote, na wingu likionekana tu juu ya milima ya Kongo, mtu ashuke, hata kama imebaki nati moja.

Lakini kubwa kwake lilikuwa nanga, yale mazege matatu yaliyozikwa mbali na mnara kushika waya zake, kwa maana chuma cha nanga huoza pale kinapoingia udongoni, mahali ambapo macho hayafiki, wakati juu kinang'aa. Kila kiangazi alisema, "Chimba kwanza, kupanda ni nyuma," na utaratibu wetu ulikuwa huu, mimi nachimba kila nanga hadi chuma kionekane, nakikwangua, nikiridhika napaka alama ya rangi nyekundu kwenye waya wake, naye akihesabu alama tatu anapanda bila kuniuliza neno. Miaka kumi na tisa hakuniuliza.

Mafuriko ya mwaka 2020 yalipopungua Gatumba, yaliacha tope lililofika magotini juu ya nanga moja ya mnara wa bwana Ilias, ile ya upande wa mto Rusizi, likakauka likawa gumu, kisha jirani akarundika matofali yake hapo. Nilizichimba mbili. Ile ya tatu niliutikisa waya, nikauona umekaza, nikapaka rangi. Nilifanya hivyo mwaka ule, na mwaka uliofuata, na kila mwaka, mara ya mwisho ikiwa tarehe 29 Julai mwaka huu wa 2025.

Jumatano tarehe 6 Agosti, saa nne asubuhi, Révérien alihesabu alama tatu, akapanda kubadilisha waya wa antena, na alipofika karibu na kilele ile nanga ikakatika, mnara ukaanguka naye akiwa amefungwa kwenye mkanda wake, ndoano zote mbili zimeshika kama alivyotufundisha.

Alilazwa hospitali siku tano, mgongo na mapafu vimeharibika. Siku ya pili aliniuliza ni waya gani uliotoka, nikamwambia ni wa upande wa mto, akanitazama, kisha akafumba macho, na jioni hiyo akamwambia Jovithe kwamba ni maji ya mwaka 2020 yaliyofanya haya, asimlaumu mtu yeyote. Alikuwa ameelewa. Alifariki Jumatatu tarehe 11 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Shemeji Jovithe, nilikwambia jana usiku, na leo nawaambia wote, si maji. Ni mimi. Sijui nitaishi vipi na jambo hili, na sina neno la kuwafariji watoto wake, ningekuwa nalo ningelisema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, bwana Ilias na vijana wa Gatumba waliomtoa chini ya vyuma, majirani wa Bwiza kwa chakula na viti, na wenzake wa karakana waliomchomelea msalaba. Kwa ninyi wenye minara yake kumi iliyobaki, nawaomba mtu yeyote asipande, alama nyekundu mnazoziona ni za mkono wangu, chimbeni upya zote, na achimbe mtu mwingine.

Kaburi lako, kaka, nimelichimba mwenyewe jana, peke yangu, hadi mwisho.

Shuka sasa, Révérien, upumzike kwa amani.