Jivu la Dufie

Benchi la Issaka muuza kahawa liko pale barabara ya Suhum inapokata kona, ubavuni mwa ghala la kakao. Kila Jumamosi asubuhi wazee wa mtaa hukaa hapo wakacheza dama na kubishana mpaka birika la kahawa likauke. Jumamosi hiyo mzee Asirifi hakucheza. Alikaa ukingoni, mikono katikati ya magoti, akimsubiri binti yake Afrakoma, anayefanya utafiti chuo kikuu, ashuke kwenye basi la Kumasi. Binti alikuwa amepiga simu: "Baba, nakuja kwa ajili ya jivu la Mama." Na jivu la maganda ya kakao aliloacha marehemu mkewe Dufie, fundi wa sabuni nyeusi, lilikuwa limebaki ndoo moja tu, imefunikwa kwa kitambaa chake cha kichwa, chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala.

— Hebu tueleze, jivu la sabuni chuo kikuu linatakiwa la nini? aliuliza Redio, dereva wa lori mstaafu, mtu asiye na swichi ya kuzima.

— Anapika maganda ya kakao, alisema Asirifi. — Chungu cha chuma, kimefungwa kabisa, maji na jivu, moto mkali. Ule ugumu wa ganda wanauita selulosi. Unavunjika, unakuwa sukari, halafu asidi. Kwa asidi hiyo wanatengeneza uzi wa kushonea wagonjwa, unaoyeyuka wenyewe mwilini.

— Na jivu?

— Jivu ni kichocheo. Linaisukuma kazi, lenyewe haliliwi, ila kila chungu kinataka jipya. La sokoni amejaribu mara sita, limegoma. La mama yake, kikombe kimoja alichobeba mwaka jana, lilikubali.

Aliyasema kwa fahari. Alikuwa amemwomba binti ayarudie mara tatu kwenye simu ili asije akayakosea hapa.

Shemeji, anayeitwa hivyo ingawa hana dada hata mmoja, akasogeza kete.

— Hiyo selulosi naijua. Imo kwenye mti, kwenye majani, hata kwenye shati lako hilo, Redio. Pamba ni hiyohiyo. Maganda yakiisha watakuja kutuvua.

— Langu wakilipika itatoka dizeli tupu.

— Na karatasi si miti? alisema Shemeji. — Basi wapike mafaili ya kesi yangu ya shamba. Miaka kumi na tisa mahakamani. Ikitoka hata dawa ya kikohozi nitashukuru.

— Wapike mahakama nzima, viti na kizimba. Tutakuwa na sukari mpaka bandari ya Tema. Na msimu ujao tunauza maganda, mbegu tunatupa.

Issaka akamimina kahawa, akauliza polepole:

— Utampa?

Asirifi alimpenda binti yake kuliko macho yake mwenyewe, na bado hakutaka kumpa. Aliona aibu.

— Ndoo hiyo ikitoka, Dufie naye ametoka.

— Mpe nusu, alisema Shemeji.

— Mimi kipande changu cha sabuni yake ninacho, alisema Redio. — Sikiogei. Nakinusa tu.

— Unanusa sabuni ya mke wangu?

— Nanusa sabuni niliyoinunua kwa hela yangu.

Basi likasimama. Afrakoma akashuka na begi, akawapa mikono wazee wote, kuanzia wa kulia kama adabu inavyotaka.

— Ndoo iko ndani, alisema baba yake kabla hajaulizwa. — Ichukue.

— Ndoo sitaki, Baba. Ikiisha nitaomba nini tena?

Akatoa daftari.

— Nataka kujua Mama alichomaje. Maganda mabichi au makavu? Muda gani? Aliyafunika?

Redio akamtazama Shemeji, Shemeji akatazama kete zake. Wote walikuwa wameogea sabuni ile miaka thelathini. Issaka akatikisa birika, tupu.

— Sijui, mwanangu, alisema Asirifi. — Sikuwahi kumuuliza. Siku za kuchoma mimi nilikuwa hapa.

Afrakoma akajibana kando yake kwenye benchi.

— Siku hizo alikuwa anarudi nyumbani yukoje?

Hilo alilijua.

— Nyusi ya kushoto imeungua. Kila mara ya kushoto. Masizi vidole hivi viwili, vingine safi. Na kabla hajanawa analamba ncha ya kidole, anatema, anacheka. Nami namwambia ataugua.

Kalamu ya Afrakoma ikasimama.

— Alikuwa anainamia moto, anayageuza maganda ukiwa bado unawaka, alisema taratibu. — Halafu anaonja ukali wa jivu. Baba, endelea.

— Hiyo nyusi nilikuwa naipaka siagi ya shea mimi mwenyewe, jioni. Hilo usiandike.

Afrakoma aliandika.