Natale Adriko, Mlinzi wa Kitabu cha Wasiopigiwa

Jumatano hii, tarehe 24 Desemba 2025, Mzee Natale Adriko anaiaga kampuni yetu ya Taa ya Jirani, hapa Arua, baada ya utumishi wa miaka ishirini na moja na miezi tisa. Kesho yake anatimiza miaka sitini. Alizaliwa siku ya Krismasi, mapadri Waitalia wakampa jina la sikukuu yenyewe, kwa hiyo hata angetaka kuificha siku yake ya kuzaliwa kama wengine tunaowajua, jina lingemsaliti.

Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, Sadiya wa dawati la simu, kwa sababu nimekaa naye ofisi moja miaka tisa, na kwa sababu hakuna mfanyakazi aliyekemewa naye zaidi kuliko mimi. Sina kinyongo. Orodha ninayo, lakini kinyongo sina.

Aliingia kazini Machi 2004 kuuza redio na betri, akizunguka na baiskeli kutoka Pajulu hadi Vurra. Taa za jua zilipokuja akahamishiwa kwenye simu. Ana sauti ya mtu anayembembeleza mtoto amalize uji, na wateja walimaliza uji kweli kweli. Laiti mambo yangebaki hapo, leo tungekuwa tunamuaga muuzaji hodari, tunakula pilau, tunakwenda zetu. Lakini mwaka 2009 ikatokea ile Jumapili.

Ili muielewe Jumapili hiyo, jueni kwanza kwamba kwao Natale, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai wakapiga soga. Ni salamu ya mbali, macho chini, basi. Simu za mkononi zilipofika, Natale na mama mkwe wake, Mama Drateru wa Pajulu, wakagundua jambo: kwenye simu hakuna macho. Kila Jumapili baada ya misa alimpigia. Waliongea habari za muhogo, za goti la mama linalouma, za nani kaoa nani na kwa nini. Mkewe, Ayikoru, anasema mumewe alicheka zaidi na mama yake kwa simu kuliko alivyocheka naye nyumbani, na anasema hivyo bila kutabasamu.

Sasa meneja wetu wa mauzo, Bwana Blanchard, mzaliwa wa Aru ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, ni mtu wa maneno matamu. Wakati huo hatukuwa na mtambo wa kutuma ujumbe. Namba za wateja wote zilikuwa kwenye simu ya Natale. Blanchard akaiazima, akatunga ujumbe, akabonyeza kutuma kwa wote. Na wote, jamani, ni wote. Mama Drateru alikuwa bado kwenye uwanja wa kanisa na akina mama wenzake. Yeye hasomi, akampa katekista simu amsomee. Katekista ana sauti ya kazi yake. Akatangaza kwamba ujumbe umetoka kwa Mkwe Natale, akausoma: "Mpenzi, gizani utakaa mpaka lini? Nipigie leo, nitakuja mwenyewe."

Sehemu ya pili, iliyosema "kukufungia taa ya jua, ofa ni mpaka Ijumaa," ilicheleweshwa na mtandao. Ilifika Jumanne.

Jumanne! Mpaka hapo Pajulu nzima ilikuwa imeshaongeza chumvi, pilipili na vitunguu. Natale alipeleka mbuzi kupitia kaka yake mkubwa, kama inavyotakiwa. Mbuzi akapokelewa, kosa likaeleweka ni la nani, lakini aibu iliyomwagika mbele ya kanisa haizoleki. Mama akatuma neno kwa binti yake: "Ambia bwana yako, hii simu yangu hapana piga tena. Maneno hapana tuma tena. Iko mwisho."

Mwingine angesubiri hasira zipoe, kisha ajaribu. Natale alikwenda dukani akanunua daftari la jalada gumu, akaandika juu yake "Wasiopigiwa", na kwenye mstari wa kwanza akaweka namba ya mama mkwe wake. Kwenye ukurasa wa ndani akaandika kanuni. Aliyesema hapana hapigiwi, hatumiwi ujumbe, haulizwi kwa nini. Na wa kulifuta jina lake ni yeye mwenyewe tu, kwa kinywa chake, bila kushawishiwa na mtu yeyote wa kampuni. Miaka baadaye, sheria za kulinda habari za watu zilipotufikia na mkaguzi akaja kuuliza tunawafanyaje wasiotaka simu, tulimfungulia daftari. Alisoma kurasa tatu, akaomba chai.

Tangu hapo hatujapumua. Simu zilipigwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ijumaa wakati wa swala, hapana. Jumapili kabla ya misa kwisha, hapana. Mteja mmoja wa Aru alipolalamika kwamba tumemwamsha saa moja, Natale alikumbuka kwamba Kongo iko nyuma yetu kwa saa nzima. Alipanda baiskeli hadi Vurra, akavuka mpaka, akaomba radhi, akarudi na saa ya pili ya ukutani. Mpaka leo zipo mbili, ya Arua na ya Aru, na Blanchard kila asubuhi hutazama ile inayompa nafasi ya kuchelewa.

Huyo huyo Blanchard, Krismasi moja, alitaka kuwatumia watu wote salamu za sikukuu, walio kitabuni na wasio kitabuni, kwa hoja kwamba salamu si biashara. Natale aliusoma ujumbe, akaona mstari wa mwisho una bei. Hakubishana. Alichomoa laini ya simu kwenye mtambo, akaitia ndani ya soksi yake, akafanya kazi siku nzima akichechemea. Hakuna aliyejitolea kuifuata.

Mimi nilipoingia, wiki ya pili tu nilipiga namba ya sitini na tatu kitabuni, ya mfanyabiashara wa mabati Koboko, mjini kwetu. Nilidhani nitakatwa mshahara. Afadhali ningekatwa! Alinipandisha gari hadi Koboko nikaombe radhi uso kwa uso, mbele ya watu wanaomjua mama yangu. Yule bwana alishangaa hadi akataka kununua taa tatu pale pale. Natale akakataa kumuuzia. Alisema tumekuja kuomba radhi, na anayeuza kwenye msamaha hakuomba msamaha. Blanchard alipopata habari hiyo aliomba ruhusa ya ugonjwa.

Na yupo Taban wa boda, naye wa Koboko, aliyejiandikisha asipigiwe, kisha kila mwezi huja kugomba kwamba majirani wamepata habari za punguzo la bei, yeye hakupata. Natale humweleza kwa upole kwamba akitaka habari ajifute. Taban hujibu: "Mimi nilisema hapana simu. Nilisema hapana ofa?" Miaka sita wanarudia maneno hayo hayo, na nadhani ni marafiki.

Lakini kila Jumatatu asubuhi, kabla ya simu ya kwanza, Natale alikuwa akifungua daftari ukurasa wa kwanza, anatazama mstari wa kwanza, anafunga. Nilidhani ni sala. Ayikoru ndiye aliyenieleza. Mama alipofanyiwa upasuaji wa goti, Natale alikaa uani hospitalini siku mbili akiwauliza wauguzi habari zake, na mama yuko hatua thelathini tu kutoka hapo. Alizikosa zile Jumapili. Alimkosa yule mama, basi, tuseme hivyo. Na kumtuma mkewe akaulize kama msamaha umekamilika hakutaka, maana huko kungekuwa kushawishi.

Siku moja, kwa ujinga wangu, nikajitolea nimpigie mimi, nimuulize tu kama bado hataki. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tuibe sadaka. "Sadiya," akasema, "kama unapigia mutu kuuliza kama hataki simu, hiyo iko simu." Nikarudi kwenye orodha yangu ya simu.

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia. Sauti ya bibi kizee ikasema inataka kutoka kitabuni. Nikashika kalamu na fomu ya kujifuta, nikauliza jina. Drateru, wa Pajulu. Kalamu ilianguka, nikaifuata chini ya meza, nikaendelea na maswali nikiwa huko huko chini, kwa sababu maswali ni lazima yote yaulizwe. Nikauliza namba. Nikauliza kama anaomba mwenyewe. Nikauliza kama ameshawishiwa na mtu wa kampuni.

Yallah, alivyowaka! "Nani alinishawishi? Miaka kumi na sita mimi nangoja mutu moja anishawishi, hakuna!" Akaeleza kwamba hasira yenyewe iliisha kabla hata mbuzi hajaisha. Lakini mama mkwe haanzi yeye kumpigia mkwe, haijawahi kuonekana. Alingoja apigiwe. Sasa amesikia Natale anatoka kazini. "Akitoka, hiyo kitabu nani atafungua? Mimi nitakufa ndani yake?"

Nilipeleka fomu mezani kwa Natale. Aliisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akafungua ukurasa wa kwanza, akapiga mstari mmoja ulionyooka kwa rula, akatia sahihi na tarehe. Kisha akatazama saa ya Arua, akatazama na ya Aru, sijui kwa nini, Pajulu haiko Kongo, akainua simu. Wallahi nilidhani atalia au ataita "Mama". Akasema: "Habari ya asubuhi. Mimi ni Natale Adriko, kutoka Taa ya Jirani, Arua. Hii saa iko nzuri kwako kuongea?"

Alifuata utaratibu! Miaka kumi na sita, na alifuata utaratibu neno kwa neno. Jibu tulilisikia ofisi nzima bila spika: "Natale! Muhogo iliota, ikaliwa, ikaota tena, wewe unauliza saa?" Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Blanchard alitoka nje akisema vumbi limemwingia machoni, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mzee Natale, tunakushukuru kwa kila mtu wa Arua, Vurra na Koboko aliyelala mchana bila sisi kumwamsha. Umetufundisha kwamba hapana ya mtu ni mali yake, na mimi umenifundisha pia kukaa kwenye gari hadi Koboko nikiwa nimenyamaza. Daftari sasa liko kwangu, nimelivika jalada jipya, na Blanchard ameshajaribu mara mbili kujua nimelificha wapi. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha, wewe na Ayikoru na watoto.

Kanuni zako zinatutaka tuombe idhini kabla ya kumpigia mtu yeyote, kwa hiyo juzi tulikupa fomu, tukauliza kama tutaruhusiwa kukupigia ukiwa nyumbani. Ulijaza kwa mkono wako, nami nainakili hapa wote waione: "Ruhusa. Siku zote, saa za kazi. Jumapili baada ya misa, hapana. Simu yangu iko na mutu."

Basi nenda salama, Mzee wetu. Tutakupigia Jumatatu, baada ya saa mbili, kwa saa ya Arua.