Mikono ya Gauni la Esha

SOMOE: Haloo? Nani wewe? Namba hii siijui.

NAIMA: Shikamoo wifi. Ni mimi, Naima. Hii simu ya jirani—

SOMOE: Marahaba! Naima wa Milola! Leo mmetukumbuka sie watu wa Kilwa? Kaka yangu hajambo?

NAIMA: Shamte hajambo. Yuko shamba, anapalilia mikorosho.

SOMOE: Na Esha wangu?

NAIMA: Yupo. [mtandao unakwaruza] Wifi, vocha yenyewe ndogo. Naomba unielekeze. Nataka kumshonea Esha gauni la Idi, kitambaa cha kuvutika, kama cha fulana. Nimekipata gulioni. Sasa nina hiki cherehani cha mkono tu. Ovaloki ya kumalizia kingo sina.

SOMOE: Ati nini? Unataka kuninyang'anya kazi? Gauni la Idi la Esha nashona mimi kila mwaka. Nitumie vipimo, nitalipakia kwenye basi.

NAIMA: Hapana wifi. Nataka nishone mwenyewe.

SOMOE: Haya, bibie. Ovaloki ya nini? Kitambaa hicho hakitoki nyuzi kama kitenge. Ukiacha ukingo wazi hakifumuki. Tia sindano mpya, nyembamba.

NAIMA: Inaruka. Na mshono ukivutwa unakatika, pyaa.

SOMOE: Kwa sababu unashona kama shuka. Kivute kidogo huku unashona. Kidogo, Naima! Ukizidisha kitajikunja mawimbi. Halafu pitisha mshono wa pili pembeni ya ule wa kwanza. Sindano ikikaidi, weka gazeti chini, shona vyote pamoja, ukimaliza lichane gazeti ulitoe.

NAIMA: Gazeti. Haya. Na ule mshono kwa ndani... hautamkwaruza?

SOMOE: Umkwaruze wapi? Mliniambia kapona.

NAIMA: Kapona. Ngozi tu bado laini.

SOMOE: Basi afadhali hiyo ovaloki huna. Inarundika nyuzi, mshono unakuwa mgumu. Maskini mwanangu. Lile karai la kukaangia korosho nikilikumbuka, na yale mafuta ya maganda yalivyomrukia yakamuunguza, silali. Haya, nipe vipimo nikukadirie. Kifua?

NAIMA: Thelathini na moja.

SOMOE: Thelathini na— wee! Idi iliyopita nilimshonea ishirini na tano. Huyo mtoto wa darasa la tatu au mwali?

NAIMA: Kanenepa.

SOMOE: Si mliniambia hali chakula, leo kanenepa?

NAIMA: [anacheka kidogo] Watoto, wifi.

SOMOE: Tepu umeipitisha wapi? Chini ya makwapa?

NAIMA: Wifi, tepu... [mtandao unakwaruza]

SOMOE: Haloo? Mtandao huu! Naima, unanisikia? Tepu inapita chini ya makwapa, kisha—

NAIMA: Nimeipitisha juu ya mkono.

SOMOE: Juu ya mkono kwa nini? Mwambie ainue mkono, upime upya. Nangoja.

NAIMA: Tuendelee na urefu, wifi.

SOMOE: Mwambie ainue mkono!

NAIMA: Wa kulia hauinuki.

SOMOE: Hauinuki vipi?

NAIMA: Umeshikana na ubavu. Kutoka hapa kwapani mpaka karibu na kiwiko. Kwapa lenyewe halipo, wifi. Limekuwa kitu kimoja.

SOMOE: Laa ilaaha illa Llah.

NAIMA: Ulikuwa unamuuma akiunyoosha. Analia mpaka sauti inakauka. Nikaufunga na kanga, ukae palepale kifuani, usitikisike. Akapata usingizi. Nikasema alhamdulillahi, mwanangu kalala—

SOMOE: Na kule hospitali si waliwaambia mrudi? Kufungua vidonda, kumnyoosha?

NAIMA: Tulirudi mara moja. Walipombandua ile bandeji, Shamte alitoka nje akatapika. Akasema basi, harudi tena. [mtandao unakwaruza] ...halafu ngozi ikaanza kuota, tukashukuru. Tulidhani ndiyo kupona.

SOMOE: Na mimi nikipiga simu mnaniambia anacheza.

NAIMA: Anacheza. Kwa kushoto.

SOMOE: Naima! Ndiyo maana hukutaka nishone mimi.

NAIMA: Shule haendi. Wenzake wanamwita kuku aliyefungwa bawa. Kwa hiyo nimekata gauni pana, la mkono mmoja. Huu wa kulia ubaki ndani, asionekane siku ya Idi. Nilitaka tu unifundishe nizibe vizuri pale begani.

SOMOE: Sikufundishi.

NAIMA: Wifi—

SOMOE: Kuziba sikufundishi! Ng'o! Sikiliza. Mtoto wa mteja wangu wa kijiji cha Pande aliungua hivihivi, kidevu kikashikana na kifua. Madaktari walimpasua, wakamtia ngozi ya pajani. Hakikurudi kama zamani, lakini leo anatazama juu. Unanielewa?

NAIMA: Shamte akisikia kupasuliwa anaona mkono utaondoka wote. Kasema mwanawe hakatwi.

SOMOE: Akikaa hivyo atakua nao hivyo. Mwili unarefuka, mkono umefungwa! Shamte nimembeba mgongoni mimi. Kesho nakuja, nampeleka mwenyewe.

NAIMA: Usije, wifi, nakuomba. Atajua nimekwambia. Utaondoka, mimi nitabaki naye humu ndani.

SOMOE: Hujaniambia kitu. Umeniuliza gauni. Akiuliza, mimi nimekuja kupima.

NAIMA: [analia]

SOMOE: Usilie, vocha inakwisha. Kata mkono wa pili.

NAIMA: Kitambaa kimeisha.

SOMOE: Ondoa kwenye upana. Gauni si gunia. Kata mkono wa pili, uushone, na pale kwapani uache wazi mpaka ubavuni, utie vifungo, tutavifunga mkono ukishaachanishwa. Umesikia?

NAIMA: Nimesikia. [kwa pembeni] Nini, mama? Ngoja... Wifi, Esha kasimama hapa mlangoni. Kumbe anasikia.

SOMOE: Anasemaje?

NAIMA: Anauliza gauni lake lina mikono mingapi.

SOMOE: Mwambie miwili.

NAIMA: Wifi, nisije nikamdanganya mtoto. Hata wewe hujui kama baba yake—

SOMOE: Mwambie mi—

NAIMA: Haloo? Wifi? Haloo? Imekatika.

NAIMA: Miwili, mwanangu. Shangazi kasema miwili.