Namba Saba Kwenye Daftari la Mwalimu Burulcha

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye chai anywe, mwenye kazi mkononi aendelee nayo, lakini sikio aniazime. Leo tunamkumbuka Mwalimu Burulcha wa kijiji cha Ak-Kyya, huku kwetu milimani. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mitatu. Nusu ya watu wa bonde hili wamejifunza kwake kugawanya, na nusu nyingine wameoana na hao waliojifunza.

Nawaambia mapema: leo mtangazaji nimemwacha nyumbani. Nazungumza kama mwanafunzi wa Mwalimu Burulcha, wa darasa lake la kwanza kabisa. Tena mimi ndiye niliyekaribia kumkosesha shahada yake. Nilikuwa na miaka tisa. Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo ni jina langu.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1982 Burulcha alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa mke wa Jolchu, mama wa watoto wawili, na mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo. Mwaka huo akajiandikisha masomo ya ualimu kwa njia ya posta. Miaka sita. Vitabu vinakuja kwa posta, majibu yanarudi kwa posta, na mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, anakwenda mjini kufanya mitihani.

Mama mkwe wake, Bibi Batma, hakupendezwa hata kidogo.

"Ng'ombe hawaulizi shahada, mwanangu," alimwambia. "Wanauliza nyasi."

Baba mkwe wake alikuwa amekaa pale pale, anakunywa chai. Akasema, "Basi mwache akawafundishe wasiokuwa ng'ombe."

Huyo baba mkwe alikuwa Mzee Turdakun. Lishikeni jina hilo, wapendwa. Mzee Turdakun. Kila mtihani ulipofika, yeye ndiye aliyemtoa mkamwana wake kijijini. Alimpandisha juu ya farasi wake, na vitabu kwenye mfuko wa tandiko, mpaka barabara kuu. Januari moja basi halikuja. Theluji ilikuwa magotini. Mzee akasimamisha lori la makaa ya mawe, akamwambia dereva, "Huyu mwendeshe polepole. Ana historia yote kichwani, usije ukaimwaga njiani."

Binti yake Mwalimu, Gulbara, alinisimulia juzi huku anacheka na kulia. "Mama alikuwa anakamua huku anakariri. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi, sisi tulimwita Profesa. Alisikiliza kozi nzima, miaka yote sita, na hakupiga teke hata siku moja."

Kiangazi kijiji kilipohamia malisho ya juu, vitabu navyo vilihama. Insha ziliandikwa ndani ya hema, juu ya sanduku la siagi. Moja ilirudi kutoka chuoni imeandikwa kwa wino mwekundu: "Kazi nzuri, lakini inanuka moshi." Aliitunza karatasi ile mpaka kufa kwake. Nimeiona kwa macho yangu, na kusema kweli bado inanuka.

Sasa tumefika mwaka wa sita, mwaka wa mwisho. Mwezi Desemba, Mzee Turdakun akafariki. Mwezi Machi, Burulcha akaingia shule ya kijijini kwa mazoezi ya kufundisha, wiki sita. Mitihani yote ya maandishi alikwisha kufaulu. Yalibaki mazoezi hayo tu. Akipita, shahada. Asipopita, miaka sita imekwenda na maji.

Darasa la tatu lilikuwa na watoto ishirini na watatu. Asubuhi ya kwanza akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita majina. Wa kwanza, yupo. Wa pili, yupo. Akafika wa sita, yupo. Akatazama namba saba. Uso ukamwiva. Kisha akaita namba nane.

Namba saba nilikuwa mimi. Na mimi, wasikilizaji wapendwa, kama mnavyojua mnaonisikiliza kila wiki, naitwa Turdakun.

Baba yangu alinipa jina hilo kwa sababu Mzee Turdakun alimfukua kutoka kwenye poromoko la theluji. Jina la heshima kabisa. Lakini nyinyi mnajua mila yetu. Mkamwana hamtaji baba mkwe wala mama mkwe wake kwa jina, wala mke mumewe. Akiwa hai hamtaji. Akiwa amefariki, na mwaka wa msiba haujaisha, ndiyo kabisa. Na jina ni lile lile, hata likivaliwa na mtoto mwenye kamasi puani.

Basi nikawa "Wewe wa Dirishani." Nilikuwa nakaa karibu na dirisha. Wiki ya pili baridi ilizidi, nikahamishiwa karibu na jiko la kupasha darasa joto. Nikawa "Wewe wa Dirishani Uliye Jikoni." Wenzangu walikufa kwa kicheko. Mimi nami nilicheka. Nikifika nyumbani sicheki. Siku moja nilimuuliza mama yangu kama jina langu lilikuwa baya.

Mwisho wa wiki ya tatu akaja mkaguzi kutoka chuoni, Bwana Toktosun, mtu mrefu mwenye mkoba. Akakaa nyuma. Somo lilikwenda vizuri. Mwishoni akanigeukia mimi, kwa bahati mbaya yangu.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Wa Dirishani," nikamjibu.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliandika.

Tulipotolewa nje, mimi nilibaki ukutani nafunga kamba za viatu. Zilikwisha kufungwa, lakini nilizifunga tena. Nikasikia kila neno.

"Mwanangu," Bwana Toktosun alisema, "hiyo mila naijua. Mke wangu hajamtaja baba yangu tangu nimuoe. Anamwita Mzee wa Kofia. Lakini yule ni mtoto. Ana jina moja tu, na wiki tatu hajaitwa."

"Mzee alinibeba kwa farasi wake miaka sita," Burulcha akajibu. "Siogopi watu, mwalimu wangu. Mdomo wenyewe unakataa."

"Nakuamini. Lakini siwezi kukupitisha hivi. Nitarudi Ijumaa ijayo. Ukimruka tena, shahada hakuna."

Nilikimbia nyumbani kama aliyeiba.

Jioni ile, Jolchu alimwambia mkewe, "Litaje tu. Nani atakusikia?"

"Mwenye jina," Burulcha akasema.

Akaenda zizini kujaribu mbele ya Profesa. Alisimama pale na ndoo mkononi mpaka maziwa yakapoa. Jina halikutoka.

Mwalimu mkuu akaja na ujanja wake. Ijumaa yule mtoto aumwe, akasema. Asije shule, namba saba iandikwe mgonjwa, mambo yaishe. Mama yangu alikubali. Hata mimi nilikubali, tena nilianza kukohoa tangu Jumatano. Lakini Burulcha akakataa katakata.

"Nimemnyima jina wiki tatu," alisema. "Sasa nimnyime na shule?"

Mama yangu alidhani anakataa kwa adabu tu. Alhamisi akaenda kwa Bibi Batma kumtuliza. "Mama, usiwe na wasiwasi kuhusu mkamwana wako. Kesho mwanangu atakuwa mgonjwa."

"Kesho atakuwa mgonjwa?" Bibi Batma akauliza. "Ugonjwa siku hizi unatoa taarifa?"

Ndipo mama akamweleza yote. Maana Burulcha nyumbani hakuwa amesema neno kwa mama mkwe wake. Angemwambiaje mjane aliye katika mwaka wa msiba? Na Bibi Batma mwenyewe, wapendwa, alikaa na mumewe miaka arobaini na mmoja. Miaka arobaini na mmoja hakumwita kwa jina hata mara moja. Alimwita "Wee Mwenye Farasi." Mimi aliniita "Wajina." Bibi alisikiliza, akamimina chai.

Ijumaa ikafika. Sikohoi tena, nimekaa jikoni pangu. Bwana Toktosun yuko nyuma na mkoba wake. Burulcha amefungua daftari. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Akaingia Bibi Batma, na kitambaa chake cheusi cha msiba, na ndoo ya maandazi. Akakaa kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti juu.

"Mama," Bwana Toktosun akanong'ona, "hapa kuna mtihani."

"Najua. Na mimi nimekuja kufanya wangu."

Burulcha akaanza. Wa kwanza, yupo. Wa pili, yupo. Tatu. Nne. Tano. Sita, yupo. Akafika namba saba. Nilisikia makaa yakijigeuza jikoni. Akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakadondoka kwenye daftari.

Bibi Batma akasimama. Akashika dawati kwa mikono miwili, akainua kidevu, akaita kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Turdakun!"

Mimi nilikuwa nimeganda. Akaita tena.

"Turdakun! Umeitwa, itika!"

"Nipo!" nikasema.

Bibi akatabasamu huku machozi yanamtoka. Akamgeukia mkamwana wake. "Umeona? Nimemtaja mimi, mkewe. Paa liko pale pale. Alikubeba mpaka barabarani, wewe unataka kushuka kabla basi halijafika? Mwite mtoto, mwanangu. Mwenye jina hatakasirika."

Na Burulcha akaita. Sauti ilikatika katikati, lakini ilifika. "Turdakun."

"Nipo, Mwalimu!" Nilipiga kelele mpaka darasa la pili wakanisikia ng'ambo ya ukuta. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuitwa tu.

Baada ya hapo, ndugu zangu, mngeliona lile somo! Alifundisha kugawanya, akamchinja kondoo ubaoni kwa chaki. Kondoo mmoja, wageni wanane, kila mmoja sawa. Darasa likagoma. "Mwalimu, haiwezekani! Paja ni la mzee!" "Na kichwa?" "Mkamwana anapata nini?" Tuligombana kwa sehemu na desimali mpaka kengele ikalia. Bwana Toktosun naye alinyoosha kidole, akadai mgeni kutoka mjini apewe nyama ya mgongo. Kisha akampa Burulcha alama tano, ndiyo ya juu kabisa. Na alikula maandazi kumi na moja. Niliyahesabu.

Mwezi Juni shahada ikatoka. Jalada la bluu, muhuri wa chuo, jina lake lote. Miaka sita, watoto wawili, ng'ombe wasiohesabika, na sasa Mwalimu Burulcha. Aliposhuka kwenye basi, mtu aliyemngoja barabara kuu na farasi wa marehemu alikuwa Bibi Batma. Alimmwagia peremende kichwani kama bibi harusi, nasi watoto tukaziokota vumbini. Kisha akaichukua ile shahada akaishika juu, akatembea nayo mbele ya farasi kijiji kizima. Bibi hakujua kusoma. Kila nyumba aliwaamuru watu waisome kwa sauti, na aliyesoma haraka haraka alirudishwa mwanzo.

"Huyu ndiye mkamwana wangu," alikuwa akisema. "Nani alisema ng'ombe hawaulizi shahada?"

"Ni wewe, Mama!" Burulcha akamjibu kutoka juu ya farasi.

"Basi nilikuwa bado sijasoma."

Hivyo ndivyo alivyoanza, wapendwa. Miaka thelathini na mitatu ya kufundisha. Gulbara anasema mama yake hakuwahi kumwita mtoto "wewe," hata akiwa amekasirika. Akikugombeza alikugombeza kwa jina lako kamili.

Jumanne iliyopita, simu ya studio ililia. Alikuwa Ainura, mke wa mtoto wa kiume wa Mwalimu; naye mwaka huu anamaliza shahada ya ualimu. Alileta taarifa ya msiba. Nikachukua kalamu, nikamuuliza kama tunavyomuuliza kila mtu: jina la marehemu? Akanyamaza. Nami nikakumbuka kwamba naye ni mkamwana. Nilitaka kumwambia, basi, najua, usijali. Hakunipa nafasi.

"Andika, kaka," akasema. "Mwenyewe alinifundisha. Burulcha. Anaitwa Burulcha."

Tunatoa pole kwa Jolchu, kwa Gulbara, kwa Ainura na mumewe, na kwa ukoo wote wa Ak-Kyya. Mungu amrehemu, na udongo aliolalia uwe laini kama hariri. Nanyi mlio kwenye redio, ninawaomba jambo moja. Kuna mtu aliyewafundisha kuandika jina lenu. Kabla jua halijazama leo, tajeni lake. Kama yu hai, mwiteni aitike. Kama hayupo, litajeni hivyo hivyo, kwa sauti, mpaka jirani asikie.

Mimi nitaanza. Mwalimu Burulcha. Darasa la tatu, mwaka 1988. Namba saba, Turdakun.

Nipo, Mwalimu.