Wasifu wa Nicanor Peguero, Aliyembatiza Kima wa Pangoni

Mliokuja kumsindikiza, sikilizeni. Marehemu Nicanor Peguero alizaliwa hapa Boca de Yuma, pwani ya kisiwa chetu, tarehe 10 Januari 1944, siku ya mtakatifu Nicanor, jina likaja lenyewe. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Liborio Peguero na marehemu Tomasina Guerrero.

Shule aliishia darasa la pili. Mwalimu aliposema dunia inazunguka, yeye aliuliza mbona ng'ombe wa baba yake huwakuta palepale alipowafunga jana. Akarudishwa nyumbani, na nyumbani akabaki. Mjinga hakuwa, asitokee wa kusema hivyo.

Kazi yake ilikuwa ng'ombe, na kuchimba mavi ya popo mapangoni, mbolea iliyosifiwa hadi mjini Higüey. Mwaka 1968 alimwoa Eduvigis Rijo katika kanisa la San Rafael del Yuma, wakajaliwa mabinti wawili, Bienvenida na Zunilda.

Tarehe 31 Agosti 1979 kilikuja kimbunga David. Mkewe na watoto walikuwa kanisani; yeye alikimbilia pangoni. Humo akamkuta jirani yake Alfonso Ciprián, ambaye walikuwa hawasalimiani kwa ugomvi wa mpaka wa ua wa ng'ombe. Kila mtu akaegemea ukuta wake. Kwa mwanga wa taa, Nicanor akaona kifuvu kimegandamana na mwamba, kidogo, cha mviringo, mdomo umefunikwa na ukoko wa jiwe. Wote wawili wakaona ni mtoto mchanga aliyetupwa bila ubatizo.

"Hawezi kulala hivi," Nicanor akasema. "Mshike, nimwagie maji."

"Nimshike mimi? Si uliniita mwizi?"

"Mwizi hana mikono? Shika!"

Wakambatiza kwa jina la Anselmito. Na kwetu, waliobatiza mtoto pamoja ni makompadre, na mwanamke huitwa komadre, na kompadre hagombani na kompadre. Ua ukasogezwa, maneno yakaisha. Mtoto alizikwa ndani ya kisanduku katika kaburi la Tomasina, mama wa marehemu, na kila Novemba, mwezi wa kuombea wafu, aliwashiwa mshumaa wake.

Mwaka 2011 akaja Daktari Yocasta Mejía wa makumbusho ya mji mkuu, anatafuta mifupa ya kale mapangoni. Marehemu, kwa fahari, akamfukulia kisanduku. Daktari akausugua ule ukoko taratibu, magego yakatokea.

"Don Nicanor, huyu si mtoto. Ni kima."

"Kima wa wapi? Kisiwa hiki hakina kima."

"Walikuwepo, wakaisha."

Akaeleza kwamba meno yale yanafanana na ya kima wadogo wa bara la kusini, ng'ambo ya bahari. Labda wazee wao walivuka juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko, zamani kabla ya watu. Lakini kima wa kale wa Kuba wana meno ya namna nyingine, na wataalamu wenyewe bado wanabishana kama ukoo ni mmoja uliovuka mara moja, au kila mmoja alikuja kivyake.

"Kwa hiyo hamjui," akasema marehemu.

"Bado, Don."

"Na maji yangu niliyommwagia, yamekwenda wapi?"

Daktari akamwelekeza kwa padre. Padre aliulizwa, akakohoa. Aliyeumia zaidi ni Alfonso: "Kama ni kima, basi mimi na wewe ni nani?" Marehemu akafunga kisanduku, akakirudisha kaburini, akakataa kukitoa. Tangu hapo, ikifika Novemba, aliwasha mshumaa, akautazama, akauzima, akauwasha tena.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017, akawa anatibiwa Higüey. Jumanne ya wiki yake ya mwisho alimwambia mkewe, "Mpe yule daktari wa makumbusho Anselmito, akamtafutie ukoo wake." Alhamisi akasema, "Asitoke. Unataka nilale humo bila yeye?" Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, alfajiri, akafariki bila kusema lifuatwe lipi.

Leo kaburi la Tomasina limefunguliwa ili marehemu alazwe humo, kisanduku kiko juu ya udongo kama mnavyokiona, na mjane ana neno la Jumanne sikio hili na la Alhamisi sikio lile. Asubuhi daktari wa makumbusho alipofika, mjane akamwambia: "Ubatizo ule ulikosa mama, kwa kuwa pangoni hapakuwa na mwanamke. Ukimtaka, mshike mbele ya watu, uwe mama yake wa ubatizo. Mama wa ubatizo anaweza kumchukua mtoto, lakini humrudisha kwao."

"Doña Eduvigis, lakini ni kima."

"Nimesikia. Unamtaka au humtaka?"

Daktari akacheka. Kisha akaona mjane hacheki, akanyoosha mikono.

"Kichwa, komadre," Alfonso akamwambia. "Mshike vizuri kichwa."

Basi Anselmito anakwenda mji mkuu kuulizwa kwao ni wapi, na kila Novemba atarudi kulala hapa.

Marehemu ameacha mjane, Eduvigis, mabinti, Bienvenida na Zunilda, wajukuu saba, kompadre Alfonso Ciprián, komadre mpya Yocasta Mejía, na Anselmito, ambaye hatujui tumhesabu na waliotangulia au na waliobaki. Mungu ampumzishe Nicanor, na kama huko jibu linajulikana, amweleze taratibu, maana atabisha.